Moyo Pia ni Msuli, Msee

Niseme tu, mkitaka kukasirika kasirikeni. Kutoka Kayole hadi Jericho, jimu zetu zimejaa machali wanaojenga kifua na mikono pekee. Jumatatu benchi, Jumatano benchi, Ijumaa baisepsi. Miguu imefichwa kwa trakisuti. Halafu mnajiita wenye nguvu. Nguvu gani?

Sipingi jimu. Zile mikebe za saruji zilizochomekwa kwa chuma zimetoa vijana wengi kona mbaya. Napinga kufanyia kioo mazoezi.

Msuli haujui kusukuma, unajua kuvuta tu. Ndiyo maana misuli hufanya kazi kwa kusaidiana: baisepsi inakunja mkono, traisepsi iliyo nyuma inaunyoosha. Na traisepsi ndiyo kubwa kati ya hizo mbili, lakini mnaisahau kwa sababu kioo hakiionyeshi. Msuli mkubwa kuliko yote uko kwa makalio. Huo ndio unakuinua ukipanda ngazi. Msee wa mkokoteni pale Gikomba hajawahi kulalia benchi, lakini shindana naye uone nani atakaa chini kwanza. Stephen Muchoki alikuwa bingwa wa dunia wa ndondi za ridhaa mwaka 1978, uzani usiozidi kilo 48. Angepita mbele yenu leo mngemcheka eti ni mwembamba.

Hayo ya kioo ningeyavumilia. Yenye sivumilii ni sindano. Chali wa miaka 17 anauziwa "juisi" kwa chupa haina hata lebo, anaahidiwa mwili ndani ya miezi mitatu. Hakuna anayemwambia kwamba binadamu ana misuli ya aina tatu. Kuna ile ya mifupa, zaidi ya 600, ambayo unaiamrisha mwenyewe. Kuna misuli laini ya tumbo na mishipa ya damu, inayofanya kazi bila kukuuliza. Halafu kuna moyo, msuli wa aina yake, unaopiga karibu mara 100,000 kwa siku na haujui likizo.

Steroidi haichagui mkono peke yake. Inaweza kunenepesha ukuta wa moyo mpaka ushindwe kusukuma damu vizuri. Na makende husinyaa, mbegu zikapungua. Hiyo muuzaji hakuambii.

Najua mtasema, "Sisi hatuna pesa ya kula kama matajiri." Sawa, lakini hiyo chupa mlinunua na nini? Ndengu, maharagwe, omena na mayai ziko kila kibanda. Usingizi nao ni bure, na msuli hujijenga ukipumzika, si ukiendelea kuutesa.

Wenye jimu, hii ni yenu. Mnajua nani anauza, anakuja saa ngapi na anamwita nani kando. Kama mnaweza kumfukuza mtu kwa kukosa kulipa shilingi hamsini, huyo mnamwachia nini?