Radhi na Fidia

Tabia ya kampuni za michezo ya video hudhihirika pale burudani inapokatika. Mifano miwili yatosha kulithibitisha hili.

Microsoft ilitoa mashine ya Xbox 360 mwaka 2005. Nyingi ziliharibika, zikiwaka taa tatu nyekundu, huku kampuni ikishikilia kwamba kiwango cha hitilafu kilikuwa cha kawaida. Ni Julai 2007 ndipo ilipokiri kasoro, ikarefusha dhamana hadi miaka 3, ikawarudishia fedha waliokuwa wamelipia matengenezo, na kutenga zaidi ya dola bilioni 1. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Angalau ukuta ulijengwa.

Aprili 2011, wadukuzi waliuvamia mtandao wa PlayStation, wenye akaunti zipatazo milioni 77. Sony iliufunga mtandao tarehe 20, lakini haikuwaeleza wateja kwamba habari zao za binafsi zilikuwa zimechukuliwa hadi tarehe 26. Baadaye wakuu wake waliinama mbele ya wanahabari jijini Tokyo kuomba radhi, na wateja wakapewa michezo ya bure.

Wahenga walisema kawia ufike. Methali hiyo haimfai aliyeibiwa, kwani kila siku ya kimya ni faida kwa mwizi, na mchezo wa bure haulipi siku hizo.

Baadhi yetu wanafunzi wa Kiswahili tutaajiriwa kuandika taarifa za kampuni. Tusiridhike na "samahani kwa usumbufu". Mteja aelezwe kilichoharibika, atakachofidiwa na lini. Tena aelezwe mapema.