Mwenzetu Asiitwe kwa Jina la Ugonjwa



Kila mwezi wa Novemba, tunapoandika majina ya marehemu wetu kwa ajili ya Misa, liko jina moja ambalo sisi tuliosoma pamoja hapa Musienene hulitaja kwa sauti ya chini. Mwenye jina hilo alifariki mwaka 2019. Sitalitaja hapa, kwa heshima ya wazazi wake. Mtu akituuliza alikuwa nani, jibu letu ni moja: "Ni yule aliyekufa kwa Ebola." Miaka yote tuliyoketi naye darasani imemezwa na siku chache za ugonjwa.

Naona hapo tumekosa, na kosa letu si dogo.

Sisemi kwamba hofu ile haikuwa na sababu. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 upande wa Mangina, ukafika Beni, Butembo na kwetu. Ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 25 Juni 2020, ulikuwa umeua watu zaidi ya 2,200. Mwili wa marehemu wa Ebola huambukiza bado, kwa hiyo walizika watu waliovaa mavazi ya kujikinga, nasi tukasimama mbali. Kutomgusa mwenzetu ilikuwa busara. Lakini hakuna daktari aliyetukataza kwenda baadaye kuketi na mama yake. Zile siku 21 za uangalizi zilipita, miezi ikapita, njia ya kwenda kwao ikabaki ile ile, nasi hatukuifuata.

Mzazi humjua mtoto wake nyumbani. Ya darasani huyajua wale waliokaa naye benchi moja, na wakinyamaza, sehemu hiyo ya maisha yake hupotea kabisa. Sisi tulijua kwamba mwenzetu, kila mara mwanafunzi alipofukuzwa kwa kukosa minervali, alimwandikia masomo yote katika daftari la pili, ili akirudi asiwe nyuma. Tulijua pia kwamba alikuwa mwepesi wa hasira, na kalamu yangu aliyoiazima hakuirudisha hata leo.

Nayasema hayo ya mwisho kwa makusudi, maana katika matanga tumezoea kumfanya kila marehemu malaika. Yuda Makabayo alikuta hirizi za sanamu chini ya nguo za askari wake waliouawa. Hakulificha jambo hilo, wala hakuwatupa. Alichanga drakma 2,000 za fedha, akazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi yao. Asiye na kosa angeombewa nini?

Tena tumtazame Mwenye Heri Floribert Bwana Chui wa Goma, aliyeuawa Julai 2007 akiwa na miaka 26, kwa kuwa alikataa hongo ili chakula kilichoharibika kivuke mpaka. Alitangazwa Mwenye Heri mjini Roma tarehe 15 Juni 2025. Wenzake wa Jumuiya ya Mtakatifu Egidio hawakuridhika kusema tu kwamba aliuawa. Walisimulia pia jinsi alivyokuwa akiwahudumia maibobo, watoto wa mitaani. Sidai kwamba mwenzetu ni mtakatifu. Nasema kwamba hata watakatifu hawajulikani bila watu waliokaa nao na kukubali kusimulia.

Basi naviomba vikundi vyetu vya vijana: Novemba hii, kabla ya kupeleka bahasha ya nia za Misa parokiani, wawili au watatu waende nyumbani kwa marehemu mmoja waliyesoma naye, awe aliuawa shambani upande wa Beni au aliugua, wakawaambie wazazi wanayoyakumbuka.

Sisi tulikwenda mwaka jana, tumechelewa, tukiona haya. Mama alitupa viti, akasikiliza bila kusema neno. Tulipofika kwenye habari ya daftari la pili, akatuinulia mkono tunyamaze.

"Nilimgombeza kila mwaka," alisema. "Madaftari yake yalikwisha upesi kuliko ya wadogo zake. Nilidhani anayachezea."

Kisha akatuuliza majina ya wale aliowaandikia. La kwanza lilikuwa langu.