Tahadhari kwa Kalemie: Misuli Inayokaa Bure Inaita Kisukari

Usingoje kiu. Usingoje kuamka usiku kila mara kwenda kukojoa, wala kidonda cha mguu kisichopona. Dalili hizo zikitokea, mara nyingi ugonjwa wa sukari umekwisha kukaa mwilini miaka mingi.

Ndugu zangu wa Kalemie, hatari ninayoisema iko kwenye misuli iliyoacha kazi. Ukila bukari, wanga wake unageuka sukari ndani ya damu. Insulini, homoni ya kongosho, huifungulia sukari hiyo njia ya kuingia katika seli za mwili, na sehemu kubwa yake hupokelewa na misuli. Misuli ikikaa bure huacha kuitikia insulini vizuri. Kongosho linalazimika kutoa zaidi na zaidi, mwishowe linachoka. Hapo sukari inajaa kwenye damu na kuharibu macho, figo, moyo na neva za miguu.

Na hayo huanza upesi. Watafiti wa Copenhagen waliwachukua vijana kumi wa kiume, wazima kabisa, waliozoea kutembea hatua kama 10,000 kwa siku, wakawapunguzia hadi kama 1,300. Baada ya wiki mbili tu, miili yao iliitikia insulini pungufu kwa asilimia 17. Kijana anayedhani ujana ni kinga alisikie hilo.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, nchini Tanzania, watu zaidi ya 200 waliohama vijiji vya Morogoro kwenda Dar es Salaam walifuatiliwa kwa mwaka mmoja. Kazi nzito za mwili zilipungua sana, na uzito wao ukapanda kwa zaidi ya kilo mbili kwa wastani. Nani hapa asiyemjua mtu wa namna hiyo? Vita vya Waluba na Watwa vya 2016 na 2017 vilisukuma familia nyingi kutoka Nyunzu na kwingineko hadi mjini kwetu. Aliyeshika jembe tangu alfajiri leo anakaa kibandani hadi jioni, na kurudi nyumbani anapanda pikipiki. Simlaumu, shamba limebaki mbali. Wengine hata sahani ya bukari hawaipati, siwasemi hao. Ninamsema ambaye sahani yake haikupungua, na juu yake ameongeza chupa ya soda.

Kinga ipo. Msuli unaofanya kazi huvuta sukari wenyewe, hata pale insulini inapolegea, na baada ya mazoezi mwili huitikia insulini vizuri zaidi kwa siku moja au mbili. Kwa hiyo mpira wa Jumapili peke yake hautoshi. Huko Da Qing, China, utafiti ulioanza mwaka 1986 uliwafuata watu ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda. Katika miaka sita, mazoezi yalipunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 46. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 kwa wiki, yaani kutembea kwa haraka nusu saa, siku tano. Toka asubuhi kabla ya jua kali, ufuate njia ya ziwa. Ukimaliza kula, tembea kidogo kabla ya kulala. Mama anayebeba maji na kutwanga sombe tayari anaifanya kazi hiyo. Hofu yangu ni kwetu sisi wa ofisini na dukani.

Lakini neno langu lisigeuzwe. Anayejidunga insulini asiiache kwa sababu ameanza kutembea, wala kwa sababu ameombewa. Mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ambaye kongosho lake halitoi insulini ya kutosha, akikosa dawa hiyo anaweza kufa ndani ya siku chache. Anayeitumia abebe kitu kitamu njiani, kwani sukari inaweza kushuka ghafla: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Mwenye ganzi miguuni asitembee pekupeku.

Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima wenye ugonjwa huu Afrika hawajui kama wanao. Wewe mwenye kitambi, wewe ambaye mzazi wako aliugua, nenda kituo cha afya asubuhi kabla ya kula, upimwe. Sukari ikifika 126 mg/dl, kipimo kirudiwe siku nyingine. Nenda wiki hii, ukiwa bado unajiona mzima.