MAONI: Gazi imeingia nyumbani, lakini shule bado inachora moto ubaoni

Katika shule zetu nyingi za Goma, Bukavu na Butembo, mwanafunzi wa biolojia na kemia anafika kwenye mtihani wa Serikali akijua kuchora jiko la labo, lile vitabu vinaloita bec Bunsen. Anajua kwamba Robert Bunsen alilitumia Heidelberg, Ujerumani, tangu 1855. Lakini kuliwasha hajawahi hata siku moja.

Wako wanaosema labo ni anasa wakati walimu wenyewe wanadai mishahara. Nawaelewa. Ila gazi haikungoja shule iwe tayari. Familia ambazo zimechoka na bei ya makala zinanunua chupa na jiko, na mara nyingi mtoto ndiye anatumwa kuwasha.

Jiko la labo lina tundu la hewa chini ya bomba. Ukilifunga, moto unakuwa wa manjano, unayumba na kuacha masizi. Ukilifungua, unakuwa wa buluu, mkali zaidi, na unavuma. Wa buluu ni wa kazi. Wa manjano ni wa kungojea, kwa sababu unaonekana vizuri. Ule wa buluu, kwenye mwangaza wa jua, mtu anaweza kupitisha mkono asiuone.

Jikoni ni vilevile. Moto wa gazi ukigeuka manjano na sufuria ikaanza kuwa nyeusi, hewa haitoshi: safisha matundu, fungua dirisha. Moto uliokosa hewa unatoa monoksidi ya kaboni, sumu ileile inayoua watu waliolala na mbabula chumbani. Haina harufu wala rangi.

Kuwasha pia kuna utaratibu. Funga nywele na kitambaa, washa kiberiti kwanza, kisha fungua gazi. Anayefungua gazi ndipo atafute kiberiti anajikusanyia mlipuko. Kwenye labo, moto ukishuka ndani ya bomba, usiliguse: funga gazi, ngoja lipoe.

Watu wa Goma wanaijua mazuku, ile hewa nzito inayolala mabondeni na kuua watoto. Gazi ya chupa nayo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inalala sakafuni, na tofauti na mazuku, hii inawaka. Ukisikia harufu yake, usiguse swichi ya umeme. Funga chupa, fungua milango, toeni watoto nje. Uvujaji unatafutwa na povu la sabuni, si na kiberiti.

Siombi labo ya chuo kikuu. Komite za wazazi na wakuu wa shule waanze na jiko moja, chupa moja ndogo na ndoo ya mchanga, mwalimu awashe mbele ya darasa, kisha kila mwanafunzi awashe mbele ya mwalimu. Somo hilo atalipeleka nyumbani jioni ileile.