Mabilinganya ya Siku ya Ijumaa



Dominika moja ya Kwaresima, baada ya Misa ya pili, mama mmoja alitungoja penye mlango wa kanisa. Mgongoni alibeba mtoto mchanga, na mwingine, mwenye umri upatao miaka mitatu, alikuwa ameshika kitenge chake. Akatuambia: “Kila mwaka mwatuhimiza tushike Kwaresima, nami nashika. Siku ya Ijumaa nyumbani kwangu hakuna nyama, wala samaki, wala mayai. Twala bugali wa muhogo na mabilinganya tu, wote sawasawa, tangu baba hata huyu mdogo. Lakini watoto wananung’unika, na bwana wangu asema kwamba mabilinganya yangu ni machungu, tena yanaogelea katika mafuta. Nifanyeje?”

Habari ya mafuta ilituchekesha sote wawili. Tulipomtazama yule mtoto mdogo hatukucheka tena. Hakuwa mgonjwa, la. Lakini alikuwa amenyamaza kuliko ifaavyo mtoto wa umri wake. Tukamwahidi mama yule kwamba tutamjibu hapa, kwa kuwa twajua hayuko peke yake.

Tuanze na chungu. Bilinganya si tunda baya. Lapikwa vibaya, ndiyo sababu lasemwa vibaya. Nyama yake ndani ni kama sifongo, imejaa vijitundu vya hewa. Ukilitia bichi katika mafuta ya moto, hunywa yote mara moja. Ukiona chungu kimekauka waongeza, nalo lanywa tena. Halafu linapoiva na kulegea, huyatapika mafuta yale yote, nawe wamwekea bwana wako ziwa mezani. Sisi wenyewe tuliwahi kumaliza chupa nzima ya mawese kwa namna hiyo, siku ya Jumatano ya Majivu tena, na hapakuwa na toba yoyote katika chakula kile isipokuwa toba ya mfuko.

Dawa yake ni chumvi na subira. Kata mabilinganya vipande vya ukubwa wa kidole gumba, uyanyunyizie chumvi, uyaache nusu saa katika bakuli. Utaona maji yanatoka. Yaoshe upesi, uyakamue kwa mikono miwili kama ukamuavyo nguo, kisha uyatie chunguni pamoja na maji kidogo sana, ufunike, yaive kwa mvuke muda wa dakika kumi. Vile vijitundu vimekwisha kulala. Sasa vijiko vitatu vya mafuta vyatosha nyumba nzima.

Na uchungu? Mara nyingi huanzia sokoni. Bilinganya lililozeeka lina mbegu nyeusi nyeusi na ngozi iliyofifia. Chagua linalong’aa, lililo zito mkononi, na kikonyo chake kiwe kibichi bado, si cha kahawia. Libonyeze kwa kidole: likirudi upesi ni changa; likibaki na shimo, mwachie muuzaji. Wala tusilichanganye na dada yake wa Afrika, yule mdogo wa mviringo, mweupe au wa kijani, tunayemwita nyanya chungu. Huyo uchungu ni tabia yake, na wazee wengi wampenda kwa sababu hiyohiyo.

(Wanafunzi wanaosoma ukurasa huu watapenda kujua kwamba bilinganya la rangi ya zambarau ni mgeni kutoka Asia. Wapersia waliliita “badingan”, Waarabu wakalichukua pamoja na jina lake hata Hispania, na neno la Kifaransa “aubergine” ambalo mwalimu awafundisha latoka katika shina lilelile. Ni jamaa ya nyanya, ya viazi vya kizungu, ya pilipili, na hata ya tumbako.)

Sasa yatupasa kusema neno ambalo mama yule hakutuuliza. Katika gramu 100 za bilinganya, gramu 92 hivi ni maji. Chakula kijengacho mwili, kile ambacho waganga wakiita protini, hakifiki ila gramu 1. Na muhogo nao ni maskini wa protini, ingawa washibisha sana. Kwa hiyo mtoto aliyekula bugali wa muhogo na mabilinganya matupu tumbo lake limejaa, naye analala. Lakini mwili wake haukupata matofali. Mtu mzima aweza kuvumilia siku moja, hata juma. Mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amezaliwa, huyo ndiye aliye hatarini, hasa ikiwa siku nyingine nazo zafanana na Ijumaa.

Sisi watu wa Kivu twaijua hatari hiyo kwa jina lake: bwaki. Miguu na uso vyavimba, nywele zageuka nyekundu na kunyonyoka, mtoto hachezi wala hataki chakula. Mwaka 1935 mganga mmoja mwanamke, Cicely Williams, aliyekuwa akitumika huko Gold Coast, yaani Ghana ya leo, aliwaandikia waganga wenzake kuhusu ugonjwa huo kwa jina walilompa akina mama wa huko, kwashiorkor, nao wasema ni ugonjwa wa mtoto aliyepokonywa nafasi yake na mdogo wake. Akina mama wale walikuwa wameona vema kabla ya vitabu. Mtoto mwenye dalili hizo asitibiwe kwa mapishi ya gazeti: apelekwe hospitalini siku hiyohiyo.

Na Kanisa lasemaje? Halikumwagiza mama yule kufanya alivyofanya. Sheria ya kutokula nyama yawapasa waliotimiza miaka 14. Sheria ya kufunga yawapasa wenye miaka 18 hata wanapoanza mwaka wa 60. Ndivyo kilivyoandikwa kitabu cha Sheria za Kanisa cha mwaka 1983. Mtoto wa miaka mitatu hana deni lolote. Wala mama anyonyeshaye asijilazimishe kufunga hata maziwa yapungue. Tena kinachokatazwa ni nyama, si samaki wala mayai. Sambaza wa ziwa letu hawavunji Ijumaa ya mtu. Wachungaji watuomba tuwafundishe watoto maana ya toba, na hilo ni jambo jingine: mtoto aweza kuacha sukari yake kwa furaha, akijua ni kwa ajili ya nani, lakini sahani yake isipunguzwe na mtu mwingine kwa niaba yake.

Basi, ikiwa nyumba yataka kula bila nyama na bila samaki, twawapa chungu hiki, cha watu sita. Usiku wa Alhamisi loweka vikombe viwili vya maharagi. Asubuhi mwaga maji yale, tia mapya, uyachemshe hata yaive kabisa. Maharagi yasiyoiva huumiza tumbo. Tengeneza mabilinganya manne kama tulivyosema. Kaanga kitunguu kimoja kikubwa katika vijiko vitatu vya mawese, tia nyanya nne zilizokatwa, ungoje mpaka zivunjike. Hapo tia mabilinganya, kisha maharagi pamoja na mchuzi wake. Mwisho koroga nusu kikombe cha unga wa karanga katika maji ya vuguvugu, umimine, upunguze makaa ya mbabula, nawe usiondoke, kwani karanga hupenda kushika chini. Robo saa yatosha. Chumvi onja kwanza, maana mabilinganya yamekwisha kuipata. Pilipili iwekwe kando, kwa wakubwa. Karanga zilizoota ukungu zitupwe, hata kama ziligharimu fedha. Kuzikaanga hakuondoi sumu yake.

Kwa mtoto mdogo ponda sehemu yake kwa mwiko mpaka iwe laini, umpe katika sahani yake peke yake. Akila katika sahani moja na kaka zake, mikono yao ni mirefu kuliko wake, wala hutajua amepata nini.

Mama yule tulimpelekea habari hizi mapema, kabla ya kuziandika. Alirudi baada ya majuma mawili. Bwana wake, asema, aliuliza nyama imefichwa wapi chunguni, naye hakumjibu. Mdogo aliomba sehemu ya pili. Kisha mama akatuuliza kama chakula kikibaki chafaa siku ya Jumamosi. Chafaa, mradi kifunikwe vema usiku, kiwekwe mahali pa baridi, na asubuhi kichemshwe tena hata kitokote katikati, si pembeni tu. Kikitoa povu au harufu ya uchachu, kimwagwe.