MAABARA SI KUTA TU

Serikali ilipoanza kujenga shule 26 za bweni za wasichana wa masomo ya sayansi, moja katika kila mkoa wa Tanzania Bara, wananchi wengi walifurahi, na ilikuwa haki yao kufurahi. Nyingi za shule hizo zimekwisha kupokea wanafunzi, na kazi hiyo yastahili sifa.

Lakini furaha isitufumbe macho. Wasichana walio wengi husoma katika shule za sekondari za kata, na shule moja ya mkoa haiwezi kuwachukua wote. Kwa hiyo suala la msichana na sayansi halitamalizwa na shule mpya peke yake. Litamalizwa katika kata.

Shule za kata zimewafungulia mlango wasichana ambao zamani wangaliishia darasa la saba. Mwaka 2014 na 2015 wananchi waliitikia wito wa Rais Kikwete, wakachanga fedha na nguvu zao, ili kila shule ipate maabara tatu: ya Fizikia, ya Kemia na ya Baiolojia. Jasho hilo lisipotee bure. Kuta zisizo na mizani, kemikali, maji wala mwalimu si maabara, ni ghala. Mwanafunzi anayeijua Kemia kwa kunakili ubaoni tu huiogopa, na wakati wa kuchagua masomo ukifika, huikimbia.

Hasara hii huwapata wavulana na wasichana, ila msichana huipata maradufu. Mvulana asiyefundishwa mchana aweza kudurusu jioni na wenzake. Msichana jioni yuko kisimani, kisha jikoni. Na wangalipo watu wanaomwambia kwamba hesabu si kazi ya mwanamke. Maneno hayo yalikwisha kukanushwa kwa vitendo. Esther Mwaikambo alihitimu udaktari wa tiba mwaka 1969, akawa mwanamke wa kwanza wa Tanzania kufanya hivyo. Mwaka 1987 madaktari wanawake waliunda chama chao, MEWATA, ambacho kimekwenda mikoani kuwapima akina mama saratani ya matiti. Ni akina mama wangapi wangalikosa msaada huo kama mabinti hao wangaliambiwa wabaki jikoni?

Basi sisi twasema hivi. Serikali iwapeleke walimu wa sayansi na hesabu kwanza kule wanakokosekana, na kila mwaka itenge fedha za vyombo na kemikali, si za matofali tu. Halmashauri zijenge mabweni kwa wasichana watokao mbali. Bodi za shule ziwaulize wakuu wa shule: muhula huu maabara imefunguliwa mara ngapi? Nao wazazi wagawe kazi za nyumbani sawasawa baina ya binti na kaka yake.

Samaki mkunje angali mbichi. Msichana aliyeachwa apotee katika kidato cha pili hatutamwokota tena mlangoni pa Chuo Kikuu.