Si Kila Kinachoziba Pua ni Nyama

Mtu akikaa na pua iliyoziba miezi kadhaa, wanaomzunguka huwa na jibu kabla hajamaliza kueleza: "Hizo ni nyama za puani." Baada ya hapo ushauri hugawanyika. Wapo wanaomhimiza akakatwe upesi, na wapo wanaomwapia kwamba akithubutu kulala kwenye kitanda cha upasuaji atajuta. Pande hizi mbili hubishana sana, lakini zote hukosea mahali pamoja. Zinaamini kuwa puani kumeota kitu kimoja, ambacho kiking'olewa ama kinakwisha au kinarudi. Upasuaji wa pua wa leo haukujengwa juu ya imani hiyo, na ndiyo maana madai yanayosikika vijiweni, nyumbani na hata kwenye maduka ya dawa yanahitaji kujibiwa moja baada ya jingine.

"Pua ikiziba, kuna nyama imeota."

Mmulikie tochi puani mtu mzima asiyeumwa chochote. Kwenye ukuta wa nje wa kila tundu utaona kitu chekundu, kinono, kimejitokeza. Wengi wakikiona hushtuka. Ni kiungo cha kawaida, na kila mmoja wetu anavyo vitatu kila upande, kimoja juu ya kingine. Kazi yake ni kupasha joto hewa tunayovuta, kuilowesha na kunasa vumbi. Huvimba na kunywea kwa zamu, upande huu kisha ule, kila baada ya saa chache. Daktari wa Kijerumani aliyeitwa Kayser aliieleza hali hiyo mwaka 1895. Kwa hiyo tundu linaloziba leo usiku ukilala ubavu wa kulia, likafunguka ukigeuka, halina ugonjwa.

Kwa mwenye aleji ya vumbi la godoro, mende au ukungu wa ukutani, viungo hivyo huvimba mfululizo na kuziba kweli. Tiba yake huanza na dawa ya steroidi ya kupuliza puani, inayotumiwa kila siku kwa wiki kadhaa, pamoja na kupunguza kile kinachomsumbua. Dawa ikishindwa, daktari anaweza kuvipunguza. Kuviondoa vyote ni hatari: pua hukauka, hujaa magamba, na wapo waliobaki wakihisi hawapati pumzi ilhali njia iko wazi kabisa.

Polipi ni jambo jingine. Ni uvimbe laini, mweupe-mweupe, unaong'aa kama shokishoki iliyomenywa, na ukiguswa hauumi sana. Hutokea kwenye vijumba vidogo vya hewa vilivyo katikati ya macho, kisha huning'inia hadi kuziba njia. Halafu kuna adenoidi za watoto, zilizo nyuma kabisa ya pua, ambazo huwezi kuziona kwa tochi kutoka mbele. Tena kuna ukuta wa kati wa pua uliopinda. Watu wengi wamepinda ukuta huo na hawana shida yoyote. Kwa wenye shida, utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2023, uliohusisha watu wazima 378, ulionyesha kuwa walionyooshwa walipumua vizuri zaidi baada ya miezi 6 kuliko waliopewa dawa za kupuliza. Hayo ni mambo manne tofauti, na mtaani yote yanaitwa nyama. Anayekwambia "kakate" bila kukuchungulia ndani kwa kamera hajui anakutuma ukakatwe nini.

"Zikikatwa huota tena, kwa hiyo ni kupoteza fedha."

Dai hili lina ukweli ndani yake, na ndiyo maana halifi. Polipi huzaliwa na uvimbe sugu wa utando wote wa pua na sainasi, yaani vyumba vya hewa vilivyomo kwenye mifupa ya uso. Kisu hakiondoi chanzo hicho. Katika ukaguzi mkubwa uliofanywa Uingereza na Wales kwa wagonjwa zaidi ya 3,000 waliopasuliwa miaka ya 2000 na 2001, karibu mmoja kati ya watano alirudi kupasuliwa tena ndani ya miaka 5. Anayeogopa humwona huyo mmoja. Wanne wengine hakuna anayewasimulia.

Lakini thamani ya upasuaji haipimwi kwa swali la kurudi au kutorudi peke yake. Hapa historia inasaidia. Mwishoni mwa karne ya 19, madaktari Caldwell kule New York na Luc kule Paris walifungua sainasi ya shavuni kwa kutoboa mfupa chini ya mdomo wa juu, usaha ukatoka. Wagonjwa wengi waliendelea kuumwa. Sababu ilieleweka vizuri pale Messerklinger wa Graz, Austria, alipofuatilia kwa kamera nyembamba jinsi kamasi linavyosafiri. Vinywele vidogo sana vya utando hulisukuma kuelekea kwenye mlango wa asili wa sainasi, hata kama umetoboa tundu jingine kubwa karibu yake. Ukitoboa kwingine, kamasi hulipita hilo tundu lako na kwenda kugonga mlango uleule ulioziba. Kutokana na kazi hiyo, mwanafunzi wake Stammberger, na Kennedy huko Marekani katika miaka ya 1980, walieneza upasuaji unaopitia matundu ya pua, bila kuchana uso, unaofungua milango ya asili na kuacha utando mzima kadiri inavyowezekana.

Mlango ukifunguka, dawa nayo hupata pa kupita. Kabla ya hapo mgonjwa hupuliza dawa yake kila asubuhi ikaishia kwenye polipi ya mbele. Baada ya hapo dawa na maji ya chumvi hufika panapohusika. Mwaka 2025 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Uingereza wa wagonjwa zaidi ya 500 ambao dawa za kawaida ziliwashinda. Waliopasuliwa walipata nafuu kubwa zaidi kuliko waliopewa antibayotiki kwa miezi mitatu, na antibayotiki yenyewe haikuonyesha faida kuliko kidonge kisicho na dawa. Hili liwafikie wote wanaomeza vidonge hivyo kila mafua yanapowazidi.

Kwa hiyo anayesema operesheni inamaliza kila kitu anakosea sawa na anayesema haifai. Baada ya upasuaji kuna kuosha pua na kupuliza dawa kwa miezi, pengine kwa miaka. Anayeacha siku aliyojisikia vizuri ndiye anayerudi hospitali akilalamika zimeota. Mwenye polipi na pumu pamoja anapaswa kuwa mwangalifu zaidi, hasa kama aspirini, ibuprofeni au diklofenaki humbana kifua. Kwake polipi hurudi haraka zaidi, na ni lazima amwambie daktari kabla ya kuandikiwa dawa ya maumivu. Ipo sindano, dupilumabu, iliyoidhinishwa Marekani kwa polipi mwaka 2019, ila bei yake iko mbali na mifuko ya wagonjwa wetu wengi. Chupa ya kuoshea pua iko karibu. Nusu kijiko cha chai cha chumvi katika robo lita ya maji inatosha, na maji hayo yawe yamechemshwa yakapoa. Mwaka 2011 katika jimbo la Louisiana watu wawili walikufa kwa amiba iliyoingia ubongoni baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba.

"Operesheni ya pua hugusa ubongo, utapofuka au utapungukiwa akili."

Woga huu hauna sababu ya kuchekwa. Mfupa unaotenganisha sainasi na jicho ni mwembamba sana, na ubongo uko juu yake tu. Kwa sababu hiyo hakuna mpasuaji makini anayeingia bila picha ya CT inayomwonyesha njia ya mgonjwa huyo hasa, maana pua hazifanani. Katika ukaguzi ule wa Uingereza na Wales, matatizo makubwa yaliwapata wagonjwa 11 kati ya 3,128, yaani asilimia 0.4. Hatari ipo, ni ndogo, na hupungua mikononi mwa mzoefu. Mgonjwa ana haki ya kumuuliza daktari: picha yangu umeiona? Unafungua wapi na kwa nini? Operesheni kama hizi umefanya mara ngapi? Kuhusu akili, hazipungui. Uwezo wa kunusa mara nyingi hurudi, kwa sehemu au wote.

"Kichwa kinauma paji la uso, hiyo ni sainasi. Wakisafishe."

Hapa watu wengi hutumia fedha bure. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichunguza watu 2,991 waliojiambia, au walioambiwa na daktari, kwamba wana kichwa cha sainasi. Asilimia 88 kati yao walikuwa na dalili za kipandauso. Kama kichwa kinapwita, kinakuja na kichefuchefu, mwanga unakukera na unataka chumba chenye giza, halafu pua iko safi, basi tafuta tiba ya kipandauso. Hata picha ya CT inaweza kupotosha, kwa kuwa mafua ya kawaida ya wiki iliyopita huacha uvimbe unaoonekana. Ugonjwa sugu wa sainasi hujulikana kwa pua kuziba au kamasi zito, pamoja na uso kubana au kupotea kwa harufu, kwa wiki 12 au zaidi, na kamera au picha ikathibitisha.

"Kikohozi hakiishi? Kata kimeo."

Hili ndilo linaloniumiza kuliko yote, kwa sababu anayelipa ni mtoto asiye na sauti. Katika sehemu nyingi za Tanzania, mtoto mwenye kikohozi kisichoisha hupelekwa kwa mkata kimeo. Kile kinyama kinachoning'inia kooni hukatwa bila ganzi, kwa kifaa ambacho pengine kimepita kwenye koo la mtoto mwingine. Wapo wanaovuja damu hadi kuhitaji kuongezewa, na wapo wanaopata maambukizi makali.

Kimeo hakisababishi kikohozi hicho. Kikohozi cha usiku cha mtoto huyo mara nyingi kinaanzia puani, kamasi likiteremka nyuma ya koo anapolala. Au ni pumu. Au ni kifua kikuu, ambacho kinapaswa kupimwa kikohozi kikifika wiki 2. Kila wiki inayopita mzazi akisubiri kidonda cha kimeo kipone ni wiki ya ugonjwa halisi kuendelea bila tiba. Wazazi wanaokwenda huko hawana ukatili wowote. Wanakwenda kwa sababu jirani, bibi na shangazi wamewahakikishia, na kwa sababu zahanati imewapa dawa ya kikohozi ileile mara ya tatu bila kumwangalia mtoto puani. Lawama hii iwafikie na wahudumu wa afya.

"Mafusho na unga wa mitishamba hukausha nyama."

Kujifukiza humpa mtu raha kwa muda. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2016, wagonjwa 871, haukuona faida ya maana ya mvuke kwa wenye sainasi za kujirudia. Kuosha pua kulisaidia kiasi. Sufuria ya maji ya moto karibu na mtoto ni ajali inayosubiri kutokea. Unga wa kuvuta ndio mbaya zaidi. Unaunguza utando, na kile kinachotoka na kuonyeshwa kwa mgonjwa kuwa ni nyama iliyokauka mara nyingi ni kamasi na utando ulioungua.

Vivyo hivyo matone ya duka la dawa yanayofungua pua papo hapo. Yatumie siku 3 hadi 5. Ukiendelea, pua huzoea na kuziba vibaya zaidi kila dawa inapoisha nguvu, na mtu hujikuta ana chupa mfukoni mwaka mzima.

"Mtoto asiguswe, atakua zitaisha."

Ni kweli kwamba adenoidi hunywea mtoto anapokaribia kubalehe. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2013 uliwagawa watoto 464 wa miaka 5 hadi 9 waliokuwa wakibanwa pumzi usingizini. Kati ya waliotolewa adenoidi na tonsili mapema, asilimia 79 vipimo vyao vya usingizi vilirudi kawaida. Kati ya waliosubiri, asilimia 46. Kwa hiyo kusubiri si kosa kwa mtoto mwenye hali nyepesi. Lakini anayekoroma kila usiku, anayekata pumzi kisha akashtuka, anayekojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, anayesinzia darasani, au asiyesikia vizuri kwa sababu maji yamejaa nyuma ya ngoma ya sikio, huyo hasubirishwi hadi abalehe.

"Ni mafua tu."

Mafua hushika pande zote mbili. Tundu moja likiziba peke yake, likitoa harufu mbaya au damu, hilo ni jambo la kuchunguzwa. Kwa mtoto mdogo tafuta shanga, punje ya mahindi au kipande cha sponji ya godoro. Ikiwa ni betri ndogo ya saa, mwende hospitali saa hiyohiyo, maana huanza kutoboa ukuta wa pua ndani ya saa chache. Kwa mtu mzima kagua gego la juu lililooza, kwani mizizi yake inapakana na sainasi ya shavuni. Kijana wa kiume anayetokwa damu nyingi mara kwa mara asikatwe kipande cha kupima kliniki kabla ya kupigwa picha, kwa kuwa kuna uvimbe wa mishipa ya damu unaoweza kumwaga damu isiyozuilika. Na mtu mzima mwenye pua inayotoa damu pamoja na uvimbe shingoni asiandikiwe antibayotiki nyingine. Aandikiwe rufaa ya kumwona bingwa wa masikio, pua na koo, iwe Muhimbili, KCMC, Bugando au Kenyatta kule Nairobi, na aende akiwa na picha zake zote mkononi.